Maombi ya Umaarufu kutoka Chimala

Kwa Wakabidhi,
Wikipedia ya Kiswahili,
Mtandaoni.

YAH: MAOMBI YA WAKAZI WA CHIMALA KUPEWA UMAARUFU

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Awali ya yote tunawashukuru kwa kukiri kwamba tupo. Makala yenu inasema Chimala ni kata ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, inataja sensa, halafu inaishia hapo na kumwomba anayejua zaidi aongeze. Tumeisoma kwa sauti hapa stendi na hakuna aliyepinga hata neno moja. Ni kata kweli, na tulihesabiwa kweli. Karani wa sensa ndiye mtu wa mwisho kuja kutuuliza habari zetu na kuziandika, naye alitaka kujua tuko wangapi, paa ni la nini na choo ni cha aina gani.

Sasa tunaomba hatua inayofuata, yaani umaarufu.

Tumeelezwa kwamba umaarufu wenu hauhusiani na kujulikana. Mtu anaweza kujulikana kuanzia Igawa mpaka Uyole, akapigiwa honi na kila lori la Zambia, na kwenu bado akawa si lolote. Sharti ni awe ameandikwa kwa kina na watu wasio ndugu zake wala waajiriwa wake, katika vyanzo vinavyoaminika. Kujisemea hakuhesabiwi. Hilo hatuna ubishi nalo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Tunduma tumeona vibaya vingi vikijitembeza, vingine vikiwa na spika juu ya gari.

Tena tunawaonea huruma. Kamusi elezo hiyo ipo tangu 2003, mnailinda bila mshahara, na kila kukicha mnamkuta mlangoni mtu yule yule mwenye jina jipya. Ni msanii, mtunzi, mtayarishaji, mwigizaji, mjasiriamali na mhamasishaji kutoka nchini Tanzania. Alizaliwa katika familia duni, akaanza kuimba kwaya akiwa na miaka mitano, amejizolea mashabiki ndani na nje ya nchi, na wimbo wake wa kwanza unatoka mwezi ujao. Pichani ameegemea gari ambalo mwenye nalo yuko nyuma ya kamera. Akaunti iliyoandika yote hayo ilifunguliwa jana, na haijawahi kuhariri kitu kingine chochote. Ukifika mwaka wa uchaguzi, mtu huyo hurudi kwenu akiwa mtia nia. Futeni, ndugu zetu. Tukipewa kitufe tutawasaidia.

Shida yetu ni hivyo vyanzo vinavyoaminika.

Magazeti mengi ya nchi hii yana makao Dar es Salaam. Ili mtu wa huku Mbarali aandikwe humo, njia tunazozijua ni tatu: afe kwenye ajali pamoja na wenzake wengi, apandishwe kizimbani, au aite waandishi wa habari. Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu. Anayetaka kuipita hukodi ukumbi Mbeya mjini, hutundika bango lenye sura yake, huagiza chai ya maziwa na sambusa, na mwisho wa shughuli hugawa bahasha, ambazo kwa heshima ya taaluma huitwa nauli. Kisha hukabidhi jezi seti moja, kila mtu akishika kona yake ya jezi hiyo mpaka wapiga picha waridhike. Siku ya pili tunasoma kwamba mdau wa maendeleo amewakumbuka vijana. Habari hiyo ina jina la mwandishi ambaye si ndugu yake. Inatokea katika magazeti matatu kwa maneno yale yale, mpaka mkato, kwa kuwa wote walipewa karatasi moja. Nanyi mkifungua mnakuta vyanzo vitatu, vyote huru, vyote vya kuaminika. Ameiva.

Sheria mliyoiweka kumzuia anayejitembeza, huku kwetu anaivuka yule aliyejitembeza kwa gharama kubwa zaidi. Anayebaki nje ni yule ambaye haya ilimzuia kujiandika, au ambaye hela ya sambusa hana.

Sheria yenyewe najua mliirithi kwa wenzenu wa Kiingereza, na ilitungwa na watu ambao kwao hata mji mdogo kama huu ulikuwa na gazeti lake la kila wiki, maktaba, na mwanahistoria mstaafu asiye na kazi. Hata huko haijawatulia. Mwaka 2007 Jimmy Wales, mwanzilishi wenu, aliandika makala fupi kuhusu Mzoli's, bucha la nyama choma pale Gugulethu, Cape Town. Ilifutwa ndani ya dakika 22, haikufikia umaarufu. Ilirudishwa baada ya mabishano makubwa, na mnajua vizuri kwamba ingekuwa imeandikwa na mchoma nyama mwenyewe hadi leo isingeonekana. Mwaka 2010 Nairobi nzima ilikuwa ikimzungumzia Makmende, yule mbabe wa video ya Just a Band, na makala yake ikafutwa zaidi ya mara moja kabla ya kuachwa ipumue. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwa kukosa vyanzo. Oktoba mwaka huo akapata Tuzo ya Nobel, na makala ikapatikana siku hiyo hiyo. Sisi Chimala tuko tayari kungoja utaratibu huo, ila tungependa kujua fomu za Nobel zinachukuliwa ofisi gani.

Kuhusu kujipigia debe nako, msitukaripie sana. Wales huyo huyo mwaka 2005 alikamatwa akihariri wasifu wake mwenyewe, akipunguza maneno yaliyomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenza. Na mwaka 2015 wenzenu walifungia akaunti 381 za kundi lililokuwa likinyemelea rasimu zilizokataliwa, kisha likiwafuata wenyewe na kuwaambia: toa hela, itapita. Tuliposoma habari hiyo hapa tulicheka. Tulidhani huduma hiyo ni ya kwetu tu.

Nyanda za Juu Kusini zinao watu waliofuzu masharti yenu, na tumechunguza walifuzuje. Mkwawa wa Kalenga, mtawala wa Wahehe, alipigana na Wajerumani kuanzia 1891 hadi kifo chake 1898, fuvu lake likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na likarudishwa 1954. Chanzo huru zaidi ya hicho sijui kama kipo. Waliotia saini hawakuwa ndugu zake hata kidogo. Merere, mtemi wa Wasangu, alibahatika kuzingirwa na Wahehe mwaka 1877 wakati balozi mdogo wa Uingereza, Elton, amenasa humo humo mjini mwake. Elton alifariki mwaka huo huo, shajara yake ikachapishwa London. Basi njia iko wazi: uzingirwe, na Mzungu mwenye daftari awe ndani.

Lakini nani atamwandika dereva wa Hamsini na Saba?

Nyinyi mnaijua barabara hiyo kwa jina labda. Inaanzia hapa hapa Chimala na kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba, kona 57, na watu wameziita kwa idadi yake. Juu kabisa ni Kitulo, hifadhi tangu 2005, ambako maua yana umaarufu usio na mpinzani: aina zaidi ya 40 za okidi, kila moja na jina lake la Kilatini na mtaalamu wake. Chini ya maua hayo linashuka Fuso lenye lumbesa za viazi. Kwenye kona ambazo gari haliwezi kukata mara moja, dereva anasimama, utingo anaruka na kigogo mkononi, anakisukumiza nyuma ya tairi, anapiga bodi mara mbili, gari linarudi kidogo, linakata, utingo anaokota kigogo na kulikimbilia. Kisha kona inayofuata. Utingo wa aina hiyo hafundishwi chuo chochote. Hapa kila mtoto anamjua nani anayeweza kazi hiyo usiku wa mvua. Kigezo chenu kinamkataa kwa sababu hajawahi kuanguka. Siku akianguka atapata aya mbili, na jina litakosewa.

Kwa hiyo ombi letu mahususi ni hili. Mtu wa Chimala akitaka kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu polisi, huenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji, akapewa barua yenye picha yake na muhuri, nusu ya muhuri kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Benki inaamini. Polisi wanaamini. Nyinyi pekee mnasema hicho si chanzo. Wenzenu walishawahi kujaribu jambo la namna hiyo mwaka 2011, India na Afrika Kusini: walirekodi watu wakieleza michezo ya watoto, ibada na kinywaji cha marula, wakatumia sauti hizo kama marejeo. Halikuwa kanuni. Tunaomba lijaribiwe huku, ambako wanaojua habari bado wako hai na wengi wao jioni wanapatikana kwenye benchi moja.

Natamka pia mgongano wa maslahi: mimi ni mkazi wa Chimala, utingo mmoja ni shemeji yangu, na viazi vyake nimekula.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi (si maarufu)

Nakala: Mtendaji wa Kata, kwa ajili ya muhuri.

Viambatanisho: Hakuna. Vingekuwapo, tusingeandika barua.