Vigae vya Karen

Kitabu kiliingia nyumbani likizo ya Juni, ndani ya sanduku la binti yangu wa kidato cha tano, kimeviringishwa kanga kisikunjike. Hakikuwa chake. Mwenyewe, msichana wa bweni lake, alimwazima kwa sharti moja: kirudi kama kilivyokwenda.

Kilikuwa After cha Anna Todd, Mmarekani aliyeanza mwaka 2013 kukiandika kwenye simu na kukitoa sura kwa sura Wattpad, kijana wake akimfinyanga kwa mfano wa Harry Styles wa One Direction. Mwaka 2014 kikachapwa. Mwaka 2019 kikawa filamu.

Siku ya pili wali uliungua. Binti aliachiwa kazi ya kuupalia tu, makaa juu ya mfuniko, kisha akageukia Tessa na Hardin, wapenzi wa kitabuni. Harufu ilifika kwa jirani kabla ya kufika puani mwake. Mama mkwe wangu aliangalia sufuria, akaangalia kitabu, akatoa hukumu: kimekula wali wa watu wote, basi watu wote tutakisikia.

Ndipo tukawa tunakaa barazani kila baada ya isha, binti akisoma na kutafsiri papo hapo, huku akiruka aliyoyaruka. Na ya kuruka mbele ya bibi yako yamo mengi, kitabu kile hakioni haya.

Tessa ana miaka 18. Anafika chuo kikuu jimbo la Washington akisindikizwa na mama yake na Noah, mchumba wake wa tangu shule, maisha yake yamepangwa hadi nguo za kuvaa. Huko anamkuta Hardin, Mwingereza mwenye michoro mwilini na pete mdomoni, mjeuri, mwenye kumdhalilisha mbele ya wenzake leo na kumbembeleza kesho. Tessa naye si wa kupendeka. Anamdharau msichana mwenzake kwa mavazi yake, na anambusu Hardin ilhali Noah hajaachwa. Mume wangu, aliyejifanya anasikiliza redio, alikuwa upande wa Noah tangu siku ya kwanza, akawa anauliza habari zake kama mtu wa ukoo.

Binti alimtetea Hardin kwa nguvu zote. Baba yake alikuwa mlevi, akasema, na akiwa mtoto mdogo alishuhudia wanaume wakimtendea mama yake unyama. Mama mkwe akashusha pumzi. "Maskini, mtoto wa watu." Nikadhani Hardin ameshasamehewa.

Usiku uliofuata tukafika pale Hardin anapolewa na kuvunjavunja vyombo nyumbani kwa baba yake, sahani za Karen, mchumba wa baba huyo. Tessa anapigiwa simu usiku aje kumtuliza. Mama mkwe aliinua mkono.

"Hebu ngoja, mjukuu wangu. Vigae kazoa nani?"

"Bibi, sasa hivi Tessa anaongea na Hardin."

"Nimesikia. Nauliza mwenye sahani."

Binti hakuwa na jibu, kwa kuwa anayesimulia ni Tessa, na macho ya Tessa yako kwa Hardin. Nikawaeleza habari za Wuthering Heights cha Emily Brontë, cha mwaka 1847, ambacho Tessa mwenyewe anakisoma. Wapenzi wa mle, Heathcliff na Catherine, ni wabaya kuliko hawa wawili mara nyingi. Lakini sehemu kubwa ya hadithi yao husimuliwa na Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, aliyelea watoto na kuuguza wagonjwa, kwa hiyo unajua mapenzi yale yaliigharimu nini nyumba nzima. Hapo ndipo penye tofauti. Sitaki binti yangu apewe wapenzi malaika peke yao. Ni heri akutane na Hardin kwenye karatasi kabla ya kumkuta kituo cha daladala. Ila mwandishi anayetuletea mtu wa kuvunja vyombo ana deni kwa Karen, na deni hilo Anna Todd amelilipa nusunusu.

Tulibakiza sura chache ndipo kitinda mimba wangu alipokivuta kitabu juu ya kigoda, kikatumbukia katika beseni la tui.

Kilio cha dada mtu kilijaza uani. Mume wangu aliacha redio, akatenga kurasa moja moja, nyingine zikitoka mkononi kama zilivyo, akazibana kwenye kamba ya nguo. Sisimizi wakaja kufuata nazi. Wakaja na majirani, na jirani mmoja anayejua Kiingereza akasimama mbele ya ukurasa wa karibu na mwisho, akasoma kwa sauti: yote yalianza kwa dau. Hardin aliwekeana na wenzake dau la kumtoa Tessa ubikira. Uani kukazizima. Mume wangu alitamka jina la Noah kwa uchungu wa kweli.

Binti alikaa kimya mpaka jioni, kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika. Tessa hajawahi kuachiwa achague hata sketi, atajuaje kuchagua mtu? Tulilizungumza hilo mpaka usiku wa manane, mambo ambayo kabla ya likizo ile nisingeweza kumwanzishia.

Nakala mpya iliagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi. Mama mkwe aliuza kuku wake kuilipia, akakataa kurudishiwa. Mwenye kitabu alifurahi, akamwazima binti cha pili, After We Collided, ambamo Hardin naye anasimulia baadhi ya sura.

"Sasa atajieleza mwenyewe, Bibi," binti alisema likizo ya Desemba, akitandika mkeka.

"Vizuri," akajibu mama mkwe wangu. "Aanze na sahani."