Mkwe Haguswi

Gari langu lina king'ora kidogo kinacholia abiria wa mbele asipofunga mkanda. Huanza polepole, tii, tii, kisha hupandisha sauti kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Siku ile kilianza tukiwa bado Muheza, na mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Baba, gari linaumwa?"

"Haliumwi mama, linaomba ufunge mkanda."

Akageukia dirishani. "Liambie nimesikia."

Naomba msomaji anielewe. Angekuwa mke wangu, ningejinyoosha, nikavuta, nikachomeka, yakaisha. Lakini huyu ndiye aliyemzaa mke wangu, na nilivyolelewa mimi, mkwe haguswi. Hata shikamoo naitoa nikiwa hatua tatu mbali naye, macho chini. Leo nimpitishie mkanda kifuani? Heri faini. Na siti ya nyuma, ambako angekaa kwa heshima zake, ilijaa viroba viwili vya machungwa, mkungu wa ndizi na jogoo wa supu ya mzazi, maana safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Dar kumwona mjukuu. Jogoo alikuwa amefungwa miguu, mimi nimefunga mkanda. Aliyebaki huru ni mama peke yake.

Ikabaki kazi ya mdomo. Nikaanza na hesabu: gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakata zaidi ya mita 22, likisimama ghafla, sisi tuliomo ndani tunaendelea na safari. Mama akafikiri kidogo. "Mita 22," akasema. "Hicho si kitambaa cha sare ya ukoo mzima?"

Nikahamia kwenye historia. Mkanda huu wa begani na kiunoni, nikamwambia, ulibuniwa mwaka 1959 na Mswidi mmoja, Nils Bohlin, akiwa Volvo, na kampuni ikawaachia wenye viwanda wengine wautumie. Ningeishia hapo. Lakini nilipenda kujionesha msomi, nikaongeza kwamba kabla ya hapo kazi yake ilikuwa viti vya kumrusha rubani nje ya ndege.

"Kumbe ni fundi wa kurusha watu," akasema mama, "halafu mnamwamini na mikanda."

Mwishowe, nadhani kwa kuchoshwa na kelele, alikubali kujaribu. Akaukamata mkanda na kuuvuta kwa nguvu zilezile anazokamulia nazi. Ukagoma. Akavuta tena, ukagoma. Ndivyo ulivyotengenezwa: ukivutwa kwa pupa unajibana, kama vile gari limegonga, ukivutwa taratibu unakuja wenyewe. Sijamaliza kueleza, alishaurudisha ulikotoka. "Umeona, baba? Wenyewe umekataa. Mimi nani niulazimishe?"

King'ora nacho kikachoka, kikanyamaza. Tukaipita Segera hivyohivyo.

Karibu na Kabuku, nguo nyeupe ikatokea kando ya barabara, mkono juu. Kwa wepesi ambao sikuujua, mama akaushika mkanda, akaulaza kifuani na kuubana pajani kwa kidole gumba, ule ujanja wa abiria wetu ambao, ukiutazama vizuri, ni kazi kubwa kuliko kufunga kwenyewe. Na safari hii aliuvuta taratibu. Ukaja bila ubishi. King'ora kikachagua dakika hiyo kuamka.

Trafiki alikuwa binti, rika la mke wangu. Hakunisemesha. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nikusaidie?" Akainama, akauchukua mkanda kidoleni kwa mama, tak! Mama akajitazama kifua kama aliyevishwa nishani. "Mtoto ana adabu huyu," akaninong'oneza. "Sijui kwao wapi."

Mtoto mwenye adabu alishafika dirishani kwangu. "Abiria ni wa dereva," akasema, akaniandikia 30,000.

Nilidhani yameisha. Chalinze nikasimama tule. Mama hashuki. Nikafungua mlango wake na, nikiwa hatua zangu tatu, nikamwonesha kwa kidole kitufe chekundu cha kubonyeza. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimefungwa na serikali, baba. Ukinifungua wewe, tutafungwa wote."

Nikampelekea mishikaki na soda palepale kwenye siti. Mimi nikala nimesimama nje, wapita njia wakinikagua kama mtu aliyemteka mama wa watu. Kutoka pale hadi Dar hakujisogeza hata kuweka ushungi sawa. Tulipofika, mke wangu alitoka na mtoto mkononi, akacheka kwanza mpaka akaegemea ukuta, kisha akabonyeza kitufe. Mama akashuka, akampokea mjukuu, mkanda ukasahaulika. Kwa upande wangu haukusahaulika, maana faini ilinisubiri niilipe kwa simu usiku uleule.

Huu ni mwezi wa pili yuko kwetu. Tukitoka, anafunga mwenyewe, taratibu, na gari haliwashwi mpaka asikie tak ya kila mtu. Na wageni wakija kumtazama mtoto, huwasimulia, nami nikiwepo, jinsi mkwe wake alivyotozwa 30,000 njiani kwa sababu ya mkanda. Hawaambii mkanda wa nani.