Mvua ya Kulenga Vitunguu

Utabiri wa hali ya hewa ukisomwa redioni, sisi wa Lumuma hatujui tushike lipi. Vuli na masika ni za kaskazini mwa Morogoro, pamoja na Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Msimu, ule wa Novemba hadi Aprili, ni wa Dodoma na kusini mwa Morogoro. Sisi ni Kilosa, Morogoro, lakini ukitembea kidogo tu uko Mpwapwa, Dodoma. Basi nasikiliza zote. Vuli wakiitangaza haba, nanuna. Msimu wakiutangaza mzuri, natafuta mbegu. Mama watoto huniuliza, "Leo tuko mkoa gani?"

Ikifika Oktoba, joto linabana mpaka mabati yanalia. Unainua macho milima ya Rubeho: wingu zito, radi, kule juu kunanyesha kweli kweli. Huku bondeni hata tone. Usiku mto unashuka mwekundu na magogo na mchanga, unaziba mfereji, na alfajiri watu wa skimu ya umwagiliaji wanapita mlango kwa mlango kutuita na majembe. Mvua hatukuiona, ila kazi yake tumepewa.

Huko chini mto wetu unaingia Mkondoa, na Mkondoa hauna utani. Mwishoni mwa Desemba 2009 ulifurika hadi Kilosa mjini, watu wakahamia mahemani, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakaa miezi bila kupita. Shemeji yangu anaishi huko. Kila maji yakipanda ananipigia: "Shemeji, mnafanya nini huko juu?" Utadhani funguo za mto ninalala nazo.

Baridi ya Juni sitaisema sana, maana nikisema Morogoro kuna baridi watu wa Dar wanacheka.

Ninachokiona kuwa uonevu hasa ni hiki cha vitunguu. Tunavilima kiangazi, kwa maji ya mfereji, makusudi tuikwepe mvua. Tunang'oa, tunavianika shambani tukivifunika kwa majani yake visibabuke, tunangoja shingo zikauke. Jua ni la kuchoma nyayo, angani hata kiwingu cha kusingizia. Halafu siku ya kujaza magunia, dalali kafika, lori limeshageuzwa, kinatokea kiwingu kimoja upande wa Mpwapwa. Kinakuja moja kwa moja shambani kwangu. Kwa jirani, ambaye hakulima hata mchicha, pakavu.

Dalali akaokota kitunguu, akakibonyeza shingoni kwa kidole gumba. Kikabonyea. Akanitazama.

"Ni manyunyu tu hayo, mjomba," nikamwambia.

"Manyunyu, mzee wangu, lakini yameingia."

Bei ikashuka papo hapo. Gunia je? Hilo akalitaka lumbesa vile vile, limejazwa kupita kipimo, yaani mvua imeharibu bei yangu tu, ujazo wake haikuugusa. Vilivyolowa zaidi aliniachia. Hapa kwangu sasa tunashindia kachumbari, na nyanya zenyewe tunanunua.