Barua Pepe Isiyobisha Hodi

Kijana wa Bagamoyo akikutana na mwalimu wake sokoni, anashika mkono kwa mikono miwili, anatoa shikamoo, anauliza hali ya nyumbani mpaka ya mbuzi. Saa sita usiku kijana yuleyule anafungua barua pepe: “Alama zangu hazionekani. Fuatilia.” Jina hakuna, namba ya usajili hakuna, kichwa cha habari kitupu. Anwani ni ya mtu anayejiita mfalmewapwani, basi mwalimu mwenye darasa la watu mia tatu apige ramli. Alfajiri inaingia barua ya pili: “???”

Na huu ndio mji wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maelezo yake yamo kwa wingi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Barua za pwani za enzi hizo, kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa sifa za mwandikiwa, salamu na dua, ndipo shida itajwe. Hata ombi la mkopo lilifika limevaa kanzu na kilemba.

Siku hizi tunapokea “kazi nimeiambatanisha, mwalimu”, na kilichoambatanishwa ni picha ya harusi ya binamu. (Harusi ilifana.)

Kwa watakaoandika usiku wa leo: jina, namba ya usajili, somo. Shikamoo ni hiari. Marahaba tunayo tele, tumekosa wa kumpa.