Gavana Anayetaka Wawekezaji Afanye Hivi: Hatua Saba za Kuleta Kampuni za Kigeni Bukavu

Mheshimiwa Gavana, mwongozo huu ni wa yeyote anayekalia kiti chako, leo au kesho. Kivu ya Kusini imeona magavana wengi, na ahadi ambayo haijawahi kukosekana katika hotuba zao ni hii: wawekezaji wanakuja. Tumekaa tukiwangoja hadi waliozaliwa wakati wa ahadi ya kwanza wamemaliza chuo na kukosa kazi.

Tunawataka kweli. Lakini kumwita mgeni ni kazi yenye mpangilio wake, na majimbo ya Marekani yameifanya kwa miaka mingi, mengine yakashinda, mengine yakaaibika hadharani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara mwenyeji hutangulia kupona, ndipo mgeni anakuja. Mwekezaji mwenye akili, kabla hajaingia ofisini kwako, humuuliza mfanyabiashara wa hapa jinsi anavyoishi. Jibu la huyo lina nguvu kuliko brosha yako.

Hatua ya kwanza: shuka Ruzizi kwa miguu

Kabla ya kuunda ujumbe wa kwenda Brussels au Guangzhou, shuka hadi mpaka wa Ruzizi ya kwanza asubuhi, bila msafara wala king'ora. Simama karibu na mama anayetoka Kamembe, upande wa Rwanda, na beseni la nyanya au trei za mayai, uhesabu mikono inayonyooshwa mbele yake. Amri ya rais ya Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, uhamiaji, udhibiti wa bidhaa na afya. Anayesimama pale akiwa wa tano anavunja sheria, hata kama kofia yake imepigwa pasi vizuri. Wewe ndiwe mwakilishi wa serikali kuu jimboni, mwondoe.

Mtumishi aliyezoea kuchukua mayai ya mama leo ndiye atakayezuia kontena la mwekezaji kesho. Katika ripoti ya Benki ya Dunia ya Doing Business 2020, Rwanda ilikuwa ya 38 na Kongo ya 183 kati ya nchi 190. Ripoti hiyo ilikomeshwa mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa katika takwimu za nchi kadhaa. Hata hivyo, mama mwenye beseni alijua tofauti ya ng'ambo na ng'ambo kabla ya ripoti, na bado anaijua.

Hatua ya pili: kodi zote ziingie kwenye ukurasa mmoja

Mwenye duka Bukavu anatembelewa na DGI ya kodi, DGRAD ya mapato ya serikali, watu wa jimbo, watu wa meya na watu wa komini. Akileta bidhaa kutoka nje, kuna DGDA ya forodha na OCC ya udhibiti wa bidhaa. Akizipeleka kijijini, kuna uchifu na vizuizi vya barabarani. Wengine wana risiti, wengine wana bunduki.

Chapisha ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili: jina la kodi, kiasi chake, anayeipokea, mara ngapi kwa mwaka. Ubandike soko la Kadutu, soko la Nyawera, bandarini na mpakani. Kisha tangaza redioni kwamba kodi isiyo kwenye ukurasa huo hailipwi. Ukurasa ukikataa kutosha, umeshajua ugonjwa wako: punguza kodi, usipunguze herufi.

Hatua ya tatu: washa taa za Kadutu

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini. Bwawa la Ruzizi ya kwanza limefanya kazi tangu mwaka 1958, lina megawati karibu 30. Ruzizi ya pili, yenye karibu 44, ni ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, tangu mwaka 1989. Ruzizi ya tatu imejadiliwa mikutanoni kwa miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukitoa megawati 26 kutoka kwenye gesi ya Kivu tangu mwaka 2016, na gesi hiyo ni mali ya Kongo na Rwanda.

Sisi tuliolala karibu na maji haya tunapika kwa makaa na kuhesabu masaa ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Usimwonyeshe mgeni ramani ya maporomoko. Mpeleke kwa fundi wa kulehemu wa Kadutu saa nane mchana. Fundi akiwa anafanya kazi bila jenereta, mgeni ataomba kiwanja mwenyewe.

Hatua ya nne: fundisha kabla ya kuita

Mwaka 1961, chini ya gavana Ernest Hollings, jimbo la South Carolina lililotegemea pamba na nguo lilianza kujenga vyuo vya ufundi, likaahidi kuwafundisha wafanyakazi wa kila kiwanda kitakachokuja. Michelin ya Ufaransa ilifika miaka ya 1970. BMW ya Ujerumani ilichagua Spartanburg mwaka 1992, miaka 31 baada ya kazi hiyo kuanza. Aliyepanda hakuwa tena gavana wakati wa kuvuna, na hakukataa kupanda kwa sababu hiyo.

Bukavu ina vyuo vikuu, na ina shule ya ufundi iliyopewa jina la Fundi Maendeleo. Ipe mashine zinazozunguka, walimu wanaolipwa kwa wakati, na umeme wa hatua ya tatu. Mwenye kiwanda anayelazimika kuleta fundi wa mitambo kutoka Kampala au Nairobi ameshaanza kupiga hesabu ya kuhamia huko.

Hatua ya tano: mwite anayehitaji udongo wetu

Pharmakina, kampuni ya kwinini ya Bukavu, ina mizizi ya miaka ya 1940. Kwa muda mrefu ilikuwa mali ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani. Mwaka 1999, vita vikiwa vimepamba moto, wakurugenzi wake Horst Gebbers na Etienne Erny waliinunua badala ya kufunga. Sababu iko milimani: mti wa kwinini unapenda baridi na mvua ya Kivu, unachukua miaka kukomaa, na wanaojua kuutunza wako hapa. Mashamba ya namna hiyo hayapakiwi kwenye ndege.

Msamaha wa kodi unapatikana kila mahali duniani. Kampuni iliyoufuata kwako itaufuata kwa jirani. Tafuta wanaohitaji kahawa ya Kalehe na Idjwi, chai ya milimani, sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Wakija, watake kukaanga kahawa hapa. Gunia la kahawa mbichi linavuka mpaka pamoja na kazi za vijana wetu.

Hatua ya sita: lipa ajira iliyoonekana

Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliiahidi Foxconn ya Taiwan karibu dola bilioni 3 kwa kiwanda cha ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454 na dola milioni 80. Jimbo lilipona kwa sababu malipo yake yalifungwa na ajira zilizokwisha kupatikana. Mji mdogo wa Mount Pleasant, uliokopa mapema kununua ardhi na kujenga barabara na mabomba, ulibaki na deni mkononi. Weka sahihi kama jimbo, usiweke kama Mount Pleasant.

Kisha angalia nyumbani. Dhahabu ya kwanza ya Twangiza, mgodi uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Canada, ilimiminwa Oktoba 2011. Kabla yake familia za Luhwindja zilihamishwa na wachimbaji wadogo wakaondolewa mlimani. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na eneo lenye mgodi asilimia 15. Fedha hizo zisomwe hadharani kila mwaka, mbele ya wale waliohamishwa.

Na wafanyakazi wawe na mahali pa kulalamika. Watu 168 walioachishwa kazi na Bralima, wakati huo kampuni ya bia ya Heineken, mjini Bukavu kati ya mwaka 1999 na 2003 ilibidi wapeleke malalamiko yao Uholanzi mwaka 2015, na suluhu ikapatikana 2017. Hakimu wa kazi wa Bukavu apewe karani, karatasi na usalama, ili haki isihitaji viza.

Hatua ya saba: neno likitoka lisimame, na bunduki zinyamaze

Mwaka 1997 Banro ilikuwa imekubaliana na serikali juu ya mali za kampuni ya madini ya Sominki. Mwaka 1998 serikali mpya ikazichukua, na zikarudishwa kwa makubaliano ya mwaka 2002 baada ya kesi ughaibuni. Kila mwanasheria wa madini anakumbuka. Tangu Septemba 2012 Kongo iko ndani ya umoja wa OHADA, wenye sheria za biashara za pamoja na mahakama Abidjan. Ni kinga nzuri, ila mgeni angependa kutoihitaji.

Na hakuna kinga inayozidi amani. Februari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, benki zikafunga milango, maghala yakaporwa. Mwezi Juni Heineken ilitangaza kwamba haina tena mamlaka juu ya mali zake Bukavu na Goma. Mfanyabiashara asiyeweza kutoa pesa yake mwenyewe benki hawezi kumshauri mgeni aweke yake. Kila anayeshika silaha akisema anawaletea watu maendeleo aanze kwa kuifungua benki na barabara.

Mheshimiwa, hatua hizi hazina gharama sawa. Mabwawa yanataka mamilioni, vyuo vinataka miaka, amani inataka watu wengi zaidi yako. Ukurasa wa kodi unataka karani mmoja, mashine ya kuchapa na ujasiri wa kuwaudhi wanaokula gizani. Anza nao wiki hii. Tia sahihi, weka tarehe, ubandike. Sisi tutakuja kuusoma, na kila mwezi tutauliza ni mstari gani umevunjwa na ni nani ameadhibiwa.