Punda, Kunguru na Chuo cha Sura

Mji wa Sura ulikuwa katika nchi ya Babeli, kando ya mto Furati, na chuo chake cha Kiyahudi kilianzishwa na mwanazuoni Rav katika karne ya 3. Chuo hicho kilikuwa na desturi ninayoihesabu kati ya mambo ya busara zaidi ambayo wanadamu wamewahi kuyafanya kwa ajili ya elimu. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Adari baridi ikielekea ukingoni na mwezi wa Eluli kiangazi kikiisha, watu waliacha mashamba na biashara zao wakaja kusoma. Mbele ya mkuu wa chuo walikaa wanazuoni 70, safu 7, kila safu watu 10. Kwa miezi mitano kila mmoja alikuwa nyumbani kwake akijifunza kitabu kimoja cha Talmudi kilichotangazwa. Sasa alikuja kukidurusu na wenzake, na juma la nne akahojiwa. Aliyezembea alikaripiwa na kupunguziwa posho. Kisha kikatangazwa kitabu cha miezi mitano ijayo.

Wanyama waliowaleta walibaki nje, chini ya mitende. Walisikia mengi kupitia madirisha, hata mwaka mmoja wakaamua kufungua chuo chao. Mkuu wao alikuwa Ngamia, kwa kuwa hucheua: alichokimeza asubuhi hukirudisha kinywani jioni akakitafuna upya. Eluli ile Ngamia akatangaza wasome kitabu cha Bava Metzia, mlango wa pili, maana unawahusu. Humo mna habari za mnyama aliyepotea, na za punda aliyelemewa na mzigo, ambaye mpita njia hana budi kumsaidia hata kama mwenye punda ni adui yake.

Kunguru alitua dirishani siku moja tu. Aliposhuka aliusoma mlango mzima kwa ghibu bila kuangusha neno. Wanyama wakashangilia.

"Bwana Kunguru," akasema Punda, "nisomee tena ule mwanzo."

Kunguru hakuwa na choyo, akamsomea. Sarafu zilizotapakaa njiani ni za aliyeziokota, lakini tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine hutangazwa ili mwenyewe apatikane, kwa sababu kuna mkono uliozipanga. Mkate wa dukani ni wa aliyeuokota, uliookwa nyumbani hutangazwa. Kisha akaruka kutafuta dirisha jingine, na kitabu kingine.

Punda alikuwa akibeba tende kutoka shambani kwenda sokoni. Akajiwekea utaratibu: wakati wa kwenda, hukumu tatu mpya, na wakati wa kurudi, hizohizo tatu pamoja na za jana. Siku ya Sabato, ambayo Torati yenyewe inamkataza bwana wake kumfanyisha kazi, alizipitia za juma zima. Mwezi ukiandama, za mwezi mzima. Aliyemsikiliza ni Mbuzi, na Mbuzi hakuwa msikilizaji wa kumpa mtu raha.

"Kwa nini tatu? Na zikiwa zimepangwa kwa duara, je?"

Punda alinuna siku nzima. (Swali la duara aliwahi kuliuliza Rabi Yirmiya, mtu ambaye siku moja maswali yake yalimfanya atolewe chuoni. Nampenda kwa hilo.) Lakini kila mahali Mbuzi alipomkatiza pakabaki pamechongeka akilini mwake.

Mwezi wa nne Punda alichoka. "Nimerudia mara 100," akasema. "Yatosha."

Ngamia akamkumbusha habari za mwanazuoni Hillel. Mzee huyo alipoulizwa kuna tofauti gani kati ya aliyerudia mara 100 na aliyerudia mara 101, alimwelekeza muulizaji kwenye soko la wakodishaji punda. Safari ya masafa ya parasanga 10 ilikuwa kwa sarafu ya zuzi 1, na ya parasanga 11 kwa zuzi 2. Punda hakuhitaji kufafanuliwa. Wenye kulipa waliijua parasanga ya kumi na moja kwa bei yake, naye aliijua kwa mgongo wake. Akarudia.

Adari ikafika, na juma la nne Ngamia akaanza kuhoji. Kunguru alikuwa na maneno yote, ila yamevurugika: sarafu zilizotapakaa akazitangaza, zilizopangwa akazitia mfukoni, na punda wa watu akamtua mzigo wa kitabu kingine kabisa. Zamu ya Punda ilipofika, alienda polepole, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

"Hayo ni yangu!" Kunguru akapiga ukelele. "Mimi ndiye niliyemwambia. Anirudishie!"

Ngamia akalichukua jambo hilo kama kesi, na sheria yake walikuwa wamekwisha kuisoma: anayedai kilichopotea hutoa alama zake.

"Bwana Kunguru, alama?"

"Nilisikia dirishani."

"Dirishani walikuwepo wengi. Punda?"

"Hukumu ya mzigo ipo kwenye daraja bovu la mfereji, nilipoanguka nikiisoma. Mikate ipo kisimani, nilipokuwa nikiichanganya. Sarafu tatu zinatangulia duara la Mbuzi, na duara bado sijalijibu."

Ngamia akatafuna kimya kwa muda mrefu. "Zilizotapakaa ni za aliyeziokota," akasema. "Hizi zimepangwa, na aliyezipanga tumemwona. Lakini wewe Punda, kila utakapozisoma, mtaje Kunguru aliyekufundisha." Posho ya shayiri ya Kunguru akaikata nusu, na akamwamuru asafiri miezi mitano juu ya mgongo wa Punda.

Asubuhi ya kwanza Kunguru alizimaliza hukumu tatu hata shamba halijatoweka machoni, akataka ya nne.

"Ngoja," akasema Mbuzi. "Zikiwa kwa duara?"

Kunguru akafungua mdomo, akaufunga. Akashuka barabarani, akakusanya kokoto, akazipanga duara, kisha akachukua kijiti na kukipenyeza chini yake aone kama zitainuka zote kwa pamoja, kipimo ambacho wanazuoni wa Talmudi nao walikifikia. Zikaanguka. Akazipanga tena, safari hii zikigusana. Mbuzi akainama karibu na kutoa pingamizi jipya, Punda akasimama na mzigo wake kuwaamua, na siku hiyo tende zilifika sokoni wanunuzi wamekwisha kwenda zao.