Bando Langu, Kiraka Chao

Nikimpelekea fundi cherehani kitambaa, akanishonea suruali yenye tundu makalioni, nitamrudishia suruali yake na maneno ya kuisindikiza. Hatathubutu kuniambia kwamba kiraka kipo, kinatoka kila mwezi, nauli ya kukileta ni juu yangu, na wakati anakibandika nisivue wala nisisogee. Lakini wenye mifumo endeshi ya kompyuta wanatufanyia hivyo hivyo mwaka nenda mwaka rudi, na sisi tunabonyeza "Nimekubali".

Tuanze na bando. Unanunua GB moja asubuhi, utume barua pepe yako, usome magazeti, ubakishe na ya jioni. Ikifika saa nne, ujumbe unaingia: ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako. Unawafokea watoto. Watoto wanaapa kwa jina la bibi yao kwamba hawajagusa simu. Mama watoto anakutazama kwa jicho la mtu anayejua wewe usiku huwa unatazama nini. Kumbe mwizi ni kompyuta. Iliona simu imewashwa hotspoti, ikadhani tumevuta waya wa intaneti kama watu wa Ulaya, ikashusha viraka vyao, yaani apdeti, kimyakimya, bando likaenda na maji.

Halafu inataka kujizima na kujiwasha. Inachagua saa ambayo una kazi ya watu mkononi. Asilimia zinapanda mbio mpaka 30, zinasimama hapo. Unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe; bado 30. Chini imeandikwa: usizime kompyuta yako. Ndugu yangu, mimi sizimi. Umeme ndio unaozima, nao hausomi maandishi ya kwenye kioo.

Kwa hiyo simshangai anayekwenda kwa fundi wa mtaani kuomba apdeti zifungwe. Kila mtaa una fundi wa namna hii. Ana flashi moja shingoni, imening'inia kama hirizi, na ndani yake mna Windows aliyoipata kusikojulikana, ambayo ameshawapigia wateja wake wote. Kupiga Windows ni dawa yake ya kila ugonjwa: kompyuta nzito, piga Windows, sauti haitoki, piga Windows, kioo kimepasuka, atakitazama kwanza, kisha atauliza kama ulishawahi kupiga Windows. Na kabla hujaondoka anakupa zawadi: "Mzee, nimekuzimia na apdeti, zile ni za wazungu wenye Wi-Fi ya bure."

Hata hapo ningemsamehe. Lakini nenda kwenye steshenari yoyote penye kompyuta mbili na printa moja. Kompyuta ya pili haiioni printa. Wateja wamepanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa. Fundi anaitwa, anaingia kwenye mipangilio, anateremka mpaka kwenye ukuta wa moto (firewall), anauzima wote, mtandao wa ndani na wa nje. Printa inakohoa, karatasi inatoka. Watu wanashangilia, fundi analipwa, soda inaletwa. Ukuta unabaki umezimwa mpaka siku kompyuta itakapokufa. Angeweza kuiruhusu printa peke yake, ni suala la kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja. Lakini kisanduku hakishangiliwi na mtu.

Mimi nilikuwa radhi kuendelea kulalamika hivi bila kuelimika. Bahati mbaya nina mpwa, binti wa dada yangu, kazi yake ni mitandao ya kompyuta. Anakuja Jumapili, anasema shikamoo mjomba kwa adabu zote, anakula wali wangu, kisha ananisomesha.

"Mjomba, unajua ya Mei 2017?" Najua. Nani asiyejua? Ijumaa tarehe 12 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa sarafu ya bitikoini, na ukichelewa siku tatu zinakuwa 600. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza kiliingia katika huduma ya afya ya taifa. Karibu theluthi moja ya mamlaka za hospitali za England zikavurugika, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu, na magari ya wagonjwa katika baadhi ya maeneo yakaelekezwa hospitali nyingine.

"Sawa. Na unajua kiraka chake kilitoka lini?"

Hapo ndipo nilipoweka kijiko chini. Kiraka kilitoka Machi 14, mwaka huo huo. Siku 59 kabla. Tundu lilikuwa katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana mafaili na printa. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa na zana ya kulitumia, zana ikaibwa, na Aprili ikamwagwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Microsoft walishatoa dawa mwezi mmoja kabla ya zana kumwagwa. Na haikuwa mara ya kwanza: Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilizizimisha kompyuta dunia nzima, nacho kiraka chake kilikuwepo tangu Julai. Watu walikuwa, kama mimi na wewe, wamebonyeza "Nikumbushe baadaye".

Mpwa akaongeza jambo ambalo tangu hapo linaninyima raha ya kuahirisha. Siku kiraka kinapotoka, wezi nao wanakishusha. Wao wana bando. Wanalinganisha faili la zamani na jipya, wanatazama palipobadilishwa, wanajua tundu lilikuwa wapi. Yaani kabla ya kiraka, tundu lilijulikana kwa wachache. Baada ya kiraka, limetangazwa, na ambaye hajabandika ndiye anayetafutwa. Kwa mantiki hiyo kuzima apdeti hakukurudishi pale ulipokuwa jana. Unakuwa pabaya kuliko jana. Nilitafuta la kumjibu nikakosa, nikaomba niongezewe mchuzi.

Sasa huo ukuta wa moto. Jina ni kubwa kuliko kazi, na kazi ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Haumjui mwizi kwa sura. Unachojua ni nani alianza kuongea. Kompyuta yako ikiomba ukurasa wa gazeti, jibu linaruhusiwa kuingia kwa sababu wewe ndiye uliyeomba. Mgeni wa mbali akija kugonga bila kuitwa, anakatwa, hajibiwi hata kwamba hatupo. Kirusi cha 2017 kilikuwa kikigonga mlango namba 445, mlango huo huo wa kushirikiana printa na mafaili. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza, katika ripoti yao ya Oktoba mwaka ule, waliandika kwamba hata taasisi ambazo hazikuwa zimebandika kiraka zingeweza kujikinga kama zingesimamia vizuri kuta zao zinazotazama intaneti. Rudi sasa kwenye ile steshenari yenye soda, ukumbuke fundi alizima nini.

Lakini ukuta huo hausaidii kitu ukimwita mgeni mwenyewe. Ukifungua kiambatisho cha "risiti ya malipo yako" kutoka kwa mtu usiyemdai, ukichomeka flashi ya mteja, ukishusha programu ya kupasua programu nyingine, ukuta utatulia tu, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kuongea. Na lile dirisha linalochomoza likisema ukuta umezuia programu fulani, je, uiruhusu? Nchi nzima inabonyeza "Ruhusu" kabla haijamaliza kusoma. Tunaogopa kwamba tukikataa kompyuta itanuna.

Kuna na swali la pili tunalolijibu ovyo. Ukijiunga na Wi-Fi mpya, kompyuta inaweza kukuuliza kama mtandao huu ni wa binafsi au wa umma. Watu wakiwa hotelini au mgahawani wanajibu "wa binafsi", kwa sababu kompyuta ni ya kwao na wamelipia chai. Hukuulizwa kompyuta ni ya nani. Umeulizwa kama unawaamini wote waliomo kwenye mtandao ule, pamoja na yule kijana wa kona aliyevaa hedifoni. Ukijibu "wa umma", ukuta unakaza na kompyuta yako haijitangazi kwa majirani. Swali muhimu namna hii, na wameliandika kwa lugha ya kumuuliza mtu kama anapenda bahari au mlima! Hilo nalo naliweka kwenye orodha ya malalamiko yangu.

Orodha yenyewe bado ndefu. Oktoba 14, 2025, Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai kijidude kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Waliojiandikisha walipewa viraka vya usalama kwa mwaka mmoja wa nyongeza. Laptopu inawaka, kibodi nzima, betri inahimili mpaka nusu ya mechi, halafu anatokea mtu wa Microsoft anasema imezeeka. Wazee wa nchi hii tunastaafu kwa sherehe na mabati. Laptopu inastaafu kwa tangazo la bluu.

Ila nimekubali kubandika, na mpwa kanipa mbinu mbili. Ya kwanza, kuiambia kompyuta kwamba hotspoti ya simu ni mtandao wa kupimwa, ili apdeti zisishuke zenyewe, isipokuwa chache za lazima. Ya pili, kuzishusha kwa mkono, kwa bando la usiku, kwa siku inayojulikana. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vyao Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi ya kwao. Kwetu ni saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza, au saa tatu wanaporudisha nyuma mshale wa saa zao. Ukisubiri bando la usiku lifunguke, unaamka kabla ya adhana, mashine imeshafika asilimia 30 na inakusubiri uione.

Kwa hiyo msomaji, lalamika. Mimi sijaacha na sitaacha. Lakini lalamika huku inashuka. Na yule mwenye flashi shingoni akishafanya printa ikohoe, usimlipe kwanza. Mwambie aurudishe ukuta wa moto, uuone umewaka kwa macho yako, ndipo ufungue pochi.